Karatasi za Lincoln: zilipita mikononi mwa nani, na mwalimu aamini ipi?

Mwalimu wa sekondari mkoani Tanga, anayefundisha Uraia na Historia, ameniandikia. Nalifupisha swali lake: "Kitabu chetu kinasema Abraham Lincoln alieleza demokrasia kuwa ni serikali ya watu, inayowekwa na watu, kwa ajili ya watu. Mwanafunzi wa kidato cha pili akanyoosha mkono: aliandika wapi, na karatasi yenyewe iko wapi? Nikaenda kutafuta. Nikakuta nyaraka zake ziko Washington, nyingine Illinois, nyingine New York, na wengine wanasema mwanawe alizichoma moto. Zilikuwa mali ya serikali au ya familia? Na nitajuaje kauli ipi ni yake kweli?"

Mwalimu, salaam. Nianze na mwanafunzi, maana yeye ndiye anayesubiri.

Maneno "serikali ya watu, inayowekwa na watu, kwa ajili ya watu" ni ya Lincoln kweli, yule rais wa Marekani wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Kaskazini na Kusini. Aliyasema tarehe 19 Novemba 1863 mjini Gettysburg, Pennsylvania, siku ya kuweka wakfu makaburi ya askari waliokufa katika vita vya pale, na yapo hadi leo kwa mwandiko wake mwenyewe. Lakini hakuyasema kama maana ya demokrasia. Neno demokrasia halimo katika hotuba ile hata mara moja. Alichosema ni kwamba waliolala pale wasiwe wamekufa bure, na kwamba serikali ya namna hiyo isitoweke duniani. Waliokuja baadaye ndio waliokichomoa kipande cha mwisho wakakifanya fasili ya kukaririwa darasani.

Na fasili yake mwenyewe ipo, tena ni kali kuliko hiyo ya kitabuni. Kwenye kipande kifupi cha karatasi aliandika: "Kama ambavyo nisingekubali kuwa mtumwa, ndivyo ambavyo nisingekubali kuwa bwana. Hilo ndilo wazo langu la demokrasia. Lolote linalotofautiana na hili, kwa kiasi cha tofauti hiyo, si demokrasia." Kipande hicho hakina tarehe, wahariri wanakikadiria kuwa cha mwaka 1858. Kilitoka kwa mjane wake, Mary, aliyempa rafiki yake Myra Bradwell wa Chicago. Wasomee wanafunzi wako. Watoto wa pwani yetu hawahitaji kamusi kuelewa maneno mtumwa na bwana.

Sasa tuje kwenye karatasi zenyewe. Nimefanya kazi ya masjala, baadaye ya nyaraka, kwa miaka mingi, na nilichojifunza huko ni kuifuatilia karatasi kama mtu anayefuatilia msafiri. Kabla sijauliza inasema nini, nauliza ilitoka kwa nani, ikaenda kwa nani, na nani aliitunza hadi ikafika hapa. Karatasi za Lincoln ukizisoma kwa maswali hayo matatu, ule utata wa Washington, Illinois na New York unakwisha wenyewe.

Umeuliza kama zilikuwa za serikali au za familia. Kwa desturi ya wakati ule, karatasi za ofisi ya rais zilikuwa mali ya rais. Tangu George Washington, rais akimaliza muda wake alifungasha barua zake kama anavyofungasha nguo zake, akaenda nazo nyumbani. Haukuwa wizi, ndio uliokuwa utaratibu, na ulidumu muda mrefu kuliko watu wanavyodhani. Sheria inayosema kumbukumbu za rais ni mali ya umma ilipitishwa mwaka 1978, baada ya mvutano mkubwa kuhusu karatasi na kanda za sauti za rais Richard Nixon, ikaanza kutumika Januari 1981. Kwa hiyo Lincoln alipouawa Aprili 1865, karatasi zilizokuwa ofisini kwake ziliingia kwenye mirathi pamoja na mali zake nyingine.

Jambo hili linanigusa. Nilipokuwa karani kijana, bosi mmoja alistaafu akaondoka na majalada mawili, akisema ni kazi yake ya maisha. Alikuwa mtu mwaminifu, na alivitunza vizuri alivyovichukua. Lakini alipofariki watoto wake hawakujua ni nini, na mimi niliyatafuta majalada yale kwa miaka mitatu bila kuyapata. Ndiyo maana nikisoma habari za Robert Lincoln sina haraka ya kumlaani wala kumsifu.

Robert alikuwa mtoto pekee wa Lincoln aliyefikia utu uzima, na baba yake alipofariki yeye alikuwa na miaka 21. Makatibu wawili wa rais, John Nicolay na John Hay, walipanga karatasi, zikasafirishwa hadi Bloomington, Illinois, chini ya jaji David Davis aliyesimamia mirathi. Mwaka 1874 zikarudishwa Washington ili Nicolay na Hay waandike wasifu wa Lincoln, ambao ulitoka katika juzuu 10 mwaka 1890. Robert aliwafungulia milango wao wawili, na naye akawa anapitia walichoandika kabla hakijachapwa. Wengine wote aliwafungia. Albert Beveridge, seneta wa zamani aliyekuwa akiandika kitabu kuhusu Lincoln, aliomba na kuombea. Jibu likawa hapana.

Mwaka 1919 Robert alizipeleka Maktaba ya Bunge la Marekani mjini Washington, na mwaka 1923 akaandika hati ya kuzikabidhi moja kwa moja kwa sharti moja: zisifunguliwe mpaka ipite miaka 21 baada ya kifo chake. Alifariki tarehe 26 Julai 1926. Basi hesabu ikaangukia 26 Julai 1947, na wanahistoria wakakusanyika maktabani usiku wa kuamkia siku hiyo, wakasubiri saa sita ya usiku ipite ndipo kabati lifunguliwe.

Walitarajia kashfa. Kwa miaka mingi watu walikuwa wakinong'ona kwamba mwana anaficha siri za kifo cha baba, au usaliti ndani ya baraza la mawaziri. Siri hizo hazikuwamo. Palikuwa na nyaraka zaidi ya 18,000, na sehemu kubwa sana ni barua ambazo watu walimwandikia Lincoln. Mwalimu, hapa ndipo wengi wanapokosea. Wakisikia "nyaraka za Lincoln" wanafikiri ni rundo la barua alizoandika yeye. Barua hukaa kwa aliyeipokea. Alizoandika Lincoln ziliondoka, zikaenda kwa majenerali, magavana, wajane, wanasiasa, watu wa kawaida, na ziko zilikokwenda. Kilichobaki kwake ni zilizoingia, pamoja na rasimu na nakala za baadhi ya zilizotoka.

Lakini hizo rasimu! Jenerali Meade wa jeshi la Kaskazini alipolishinda jeshi la Kusini la Jenerali Lee pale Gettysburg kisha akaliacha livuke mto Potomac, Lincoln alikaa chini tarehe 14 Julai 1863 akamwandikia barua ya uchungu. Akaikunja, akaitia katika bahasha, na juu ya bahasha akaandika kwamba ni ya Jenerali Meade, haikutumwa wala haikutiwa saini. Meade hakuipata. Ingekuwa imetumwa ingekuwa kwenye karatasi za Meade, na historia yao ingekuwa nyingine. Sisi tunaijua kwa sababu mwandishi wake aliizuia na akaiweka.

Nyingine ni ya tarehe 23 Agosti 1864. Vita vilikuwa vinakwenda vibaya na Lincoln aliamini atashindwa uchaguzi wa Novemba. Akaandika mistari michache: kwamba inaelekea serikali hii haitachaguliwa tena, na hivyo wajibu wake utakuwa kushirikiana na rais mteule kuuokoa Muungano wa majimbo ya Marekani kabla ya huyo kuapishwa. Akaikunja karatasi, akaibandika kwa gundi isisomeke, akawaomba mawaziri watie saini mgongoni bila kujua kilichomo. Wakatia. Aliposhinda uchaguzi, kwenye kikao cha tarehe 11 Novemba, alimwomba Hay aifungue bila kuichana; Hay aliandika katika shajara yake kwamba ilikuwa imebandikwa kwa namna ya ajabu hata ikabidi kukatakata. Picha yake ipo mtandaoni bure. Uitazame pande zote mbili: upande mmoja mwandiko wa Lincoln, upande wa pili saini saba za watu waliokubali kuahidi wasichokijua.

Habari ya kuchoma moto ilisambazwa na Nicholas Murray Butler, mkuu wa Chuo Kikuu cha Columbia. Alisema alimkuta Robert huko Vermont akitaka kuzichoma karatasi za baba yake, akamzuia. David Mearns wa Maktaba ya Bunge alilinganisha tarehe akaona kwamba wakati unaotajwa karatasi za urais zilikuwa zimekwishafika maktabani. Mimi nina sababu nyingine ya kutomwona Robert kama mchomaji. Mwaka 1975 katika nyumba yake ya Hildene, Vermont, lilipatikana jalada alilokuwa amelifungia kabatini, lenye habari za kesi ya mwaka 1875 ambapo yeye mwenyewe aliiomba mahakama itamke kwamba mama yake hana akili timamu. Kama kulikuwa na karatasi moja maishani mwake ya kutia motoni, ni zile. Hakuzichoma. Alifunga kwa ufunguo, na ndivyo alivyofanya na za baba yake.

Hizo basi ni za binafsi. Za serikali zilikwenda njia tofauti. Barua ikimfikia rais nayo inahusu jeshi, ilipelekwa Wizara ya Vita, ikapigwa namba na kuingia kwenye jalada la wizara. Haikurudi tena kwa rais, na leo iko Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1934. Kuna barua moja ya namna hii ambayo kila nikiisoma natulia kwanza kabla ya kuendelea. Iliandikwa Buffalo, New York, tarehe 31 Julai 1863 na Hannah Johnson, mama mweusi ambaye mwanawe alikuwa askari wa kikosi cha 54 cha Massachusetts na alipigana Fort Wagner. Anamwomba rais awalinde askari weusi wakitekwa wasiuzwe utumwani. Halafu anasema kuhusu Tangazo la kuwaacha huru watumwa: "Wananiambia wengine kwamba utalirudisha nyuma lile Tangazo. Usifanye hivyo. Utakapokuwa umekufa nawe uko mbinguni, baada ya miaka elfu, tendo lako hilo litawafanya malaika waimbe sifa zako, najua." Barua imeandikwa kwa Lincoln kwa jina lake. Ukiitafuta katika Nyaraka za Lincoln huioni. Iko katika majalada ya jeshi, kitengo cha askari weusi, kwa sababu karani fulani aliona inahusu askari akaipeleka huko. Masjala ndiyo inayoamua barua ilale wapi, na kwa miaka mingi uamuzi wa karani yule ulimficha mama huyu asionekane na waandishi wa wasifu.

Kwa njia hiyohiyo utaipata Zanzibar. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sayyid Said ulitiwa saini mwaka 1833. Lincoln wakati huo alikuwa kijana wa miaka 24, msimamizi wa posta katika kijiji cha New Salem. Makonsuli wa Marekani wakaja Zanzibar, na barua zao kwa Wizara ya Mambo ya Nje, tangu 1836 hadi 1906, zimo Hifadhi ya Taifa na zimepigwa mikrofilamu. Ukitaka kuwaonyesha wanafunzi jinsi vita vya Marekani vilivyofika dukani kwetu, pamba ilipokosekana na kitambaa cha merikani kikaadimika pwani nzima, usipoteze muda kwenye karatasi za rais. Nenda kwa konsuli.

Tangazo alilolitaja Hannah Johnson, lile la kuwaacha huru watumwa, ndilo linaloonyesha vizuri zaidi jinsi waraka mmoja unavyotawanyika. Rasimu ya kwanza aliyowasomea mawaziri tarehe 22 Julai 1862 iko Maktaba ya Bunge, kwa kuwa ilibaki kwenye karatasi zake. Tangazo la awali la Septemba 1862, kwa mwandiko wake, alilitoa lichangishe fedha za misaada ya askari. Likachezewa bahati nasibu Albany mwaka 1864, mpinga utumwa Gerrit Smith akanunua tiketi 1,000 kwa dola moja moja, akashinda, na sasa liko maktaba ya jimbo la New York. Hati rasmi ya tarehe 1 Januari 1863, yenye muhuri na saini kamili, iko Hifadhi ya Taifa. Na ule mswada wa mwisho wa mkono wake? Aliutoa kwa maonyesho ya hisani Chicago, ukauzwa dola 3,000, ukawekwa katika jumba la chama cha historia la mji huo, na ukateketea katika moto mkubwa wa Chicago wa Oktoba 1871. Hiyo ndiyo karatasi ya Lincoln iliyoungua kweli, na haikuunguzwa na mwanawe.

Hotuba ya Gettysburg nayo ina nakala tano kwa mwandiko wake, kila moja ikiitwa kwa jina la mtu aliyewahi kuwa nayo, na hazifanani neno kwa neno. Ya Nicolay ukurasa wa kwanza ni wa wino kwenye karatasi ya ofisi ya rais, wa pili ni wa penseli kwenye karatasi yenye mistari, utafikiri ni mtu aliyekatizwa katikati ya sentensi. Ya Hay ina masahihisho ya mkono. Hizi mbili familia ya Hay iliipa Maktaba ya Bunge mwaka 1916. Hazikupitia kwa Robert. Ya Everett iko Springfield, Illinois, na watoto wa shule wa jimbo hilo walichanga senti zao mwaka 1944 ili inunuliwe. Ya Bancroft iko Chuo Kikuu cha Cornell. Ilitakiwa ichapwe kwenye kitabu cha hisani, lakini Lincoln alikuwa ameandika pande zote mbili za karatasi, haikufaa kwa uchapaji, ikabidi aandike nyingine. Hiyo nyingine ni ya Bliss, iko Ikulu ya Marekani, ndiyo pekee aliyoipa kichwa, saini na tarehe, na ndiyo inayochapwa mara nyingi. Maneno "chini ya Mungu" hayamo katika nakala za Nicolay na Hay. Yamo katika zile tatu, na pia katika habari ambazo waandishi wa magazeti walipeleka kwa telegrafu siku ileile. Mwanafunzi akisema vitabu viwili vinapingana juu ya hotuba hii, huenda vyote viwili viko sahihi.

Umeuliza utaaminije. Karatasi hata ikiwa kwenye hifadhi ya taifa inaweza kuwa imeguswa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mtafiti alitangaza kwamba amegundua msamaha ambao Lincoln alimpa askari Patrick Murphy tarehe 14 Aprili 1865, siku aliyopigwa risasi. Dunia ikafurahi. Januari 2011 Hifadhi ya Taifa ikatangaza kwamba mwaka halisi ni 1864 na tarakimu ya mwisho ilikuwa imebadilishwa: ile 5 ilikuwa na wino mzito kuliko tarakimu nyingine, na chini yake ilionekana namba nyingine. Tarakimu moja tu, na msamaha wa kawaida ukageuka tendo la mwisho la rehema.

Zamani zaidi, kati ya Desemba 1928 na Februari 1929, jarida la Atlantic Monthly lilichapa barua za mapenzi eti kati ya Lincoln na Ann Rutledge, msichana anayesemwa kuwa mpenzi wake wa ujana. Mwanahistoria Paul Angle wa Springfield alionyesha kuwa ni za kughushi kwa jambo dogo ambalo mpima ardhi yeyote angeliona. Barua mojawapo ilitaja kiwanja katika sehemu ya 40. Kule Illinois kata ya upimaji hugawanywa sehemu 36, na Lincoln katika miaka hiyo alikuwa mpima ardhi kwa kazi. Hawezi kuandika 40.

Na ile kauli inayozunguka kwenye simu zetu kila msimu wa uchaguzi, kwamba unaweza kuwadanganya watu wote kwa muda lakini huwezi kuwadanganya wote siku zote? Hakuna karatasi yake yenye maneno hayo, wala gazeti la wakati wake. Yalianza kuvumishwa kuwa ni yake miongo miwili baada ya kifo chake, kwa midomo ya watu waliosema wanakumbuka. Mimi siwezi kuyaandika ubaoni chini ya jina lake.

Namna ya kufanya, mwalimu, ni hii. Ukikutana na kauli, anza na mkusanyo wa maandishi yake uliohaririwa na Roy Basler, juzuu nane za mwaka 1953 pamoja na faharasa yake. Chuo Kikuu cha Michigan kimeuweka mtandaoni bila malipo na unatafutika kwa neno. Usome na maelezo yaliyo chini ya kila hati, maana ndiyo yanayosema karatasi ilipatikana kwa nani. Kama hati imo kwenye zile za Robert, nenda kwenye tovuti ya Maktaba ya Bunge uitazame picha yake. Tazama saini pia: kwenye barua aliandika "A. Lincoln", kwenye hati rasmi za serikali aliandika jina zima. Anayekuletea barua ya kirafiki yenye "Abraham Lincoln" kamili, mwulize aliipata wapi kabla hujamshukuru. Na mambo ya wizara, ya jeshi au ya ubalozi yatafute Hifadhi ya Taifa.

Kwa somo lako lijalo, chapa picha mbili: ukurasa wa pili wa nakala ya Nicolay, ule wa penseli, na maneno ya kile kipande cha mtumwa na bwana. Mpe yule mwanafunzi aliyeuliza azishike yeye kwanza. Mwandiko wa Lincoln unasomeka. Ukikwama kwenye neno, niandikie, nitakusaidia kulisoma.